Pete za Mpira za Oddleiv

Jumatatu ya juma la harusi niliushika mtungi wa gesi shingoni nikauvuta, nao ukanyanyuka. Hapo hapo nikajua mambo yameharibika. Mtungi uliojaa haunyanyuliwi kwa mkono mmoja na mwanamke wa miaka sabini na minane, hata awe amekamua ng'ombe maisha yake yote.

"Synneva!" nikaita. "Hebu shuka huku."

Mjukuu wangu alikuwa uani akifuta mabenchi ya wageni. Alishuka kwenye ghala la chini na kitambaa begani, akautazama mtungi, akaitazama geji. Sindano ilikuwa imelala kwenye sifuri.

"Bibi, si ulikuwa umejaa huu?"

"Jumatano ulikuwa umejaa. Nilimsaidia Jostein kuuingiza mimi mwenyewe."

"Siku tano tu!" akasema, akakaa juu ya ngazi kama mtu aliyepigwa ngwala.

Mapipa manne ya chuma yalikuwa yamepangwa ukutani, yote yamejaa bia tuliyoipika kwa ajili ya harusi yake. Bia ya kwenye mapipa yale husukumwa na gesi. Gesi isipokuwepo haitoki, na ukiichota kwa nguvu inatoka imelala, haina povu wala uhai, na kwa joto la Julai siku ya pili imechacha. Na harusi kwetu ni siku mbili.

Jostein, mchumba wake, alikuja mbio aliposikia. Badala ya kuuangalia mtungi alitupigia kelele. "Tokeni nje! Nyote wawili, nje!" Nilitaka kumwambia kwamba kwenye ghala langu hakuna mtu anayenifukuza, lakini alikuwa amekwisha nishika kiwiko. Gesi ile ni nzito, akasema tulipofika juani, hulala sakafuni kama maji, na mtu akiinama kuokota kitu huenda asiinuke. Tukaacha milango yote miwili wazi mpaka asubuhi, upepo upite.

Shamba letu la Haugane liko juu ya maji ya ghuba ya Hardanger, na huku bibi harusi huolewa kwa bia ya kwao. Mama mkwe wangu aliipika, na mimi nikaipika, kwa chachu ile ile ambayo baada ya kila upishi hukaushwa juu ya mkufu wa vipande vya mbao na kutundikwa darini. Ukinunua bia ya kiwandani siku ya harusi hakuna atakayekusema usoni. Wataipokea, watashukuru, na miaka thelathini baadaye watakuwa bado wanaizungumza.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Mons, mwanangu mkubwa, mwenye lori.

"Mama, nasikia bia imekufa."

"Nani kakwambia?"

"Mama, bonde zima linajua. Nipe neno kabla ya Alhamisi saa sita mchana, nijaze makopo ya kiwandani kwenye lori. Ikipita saa sita, siwezi tena."

"Utapewa neno," nikasema, nikakata.

Tulikuwa na mtungi mmoja wa akiba, basi. Ilikuwa likizo ya Julai, na duka la gesi mjini lilikuwa limefungwa mpaka mwisho wa mwezi. Mtungi wa pili ukivuja kama wa kwanza, ndiyo kwisha.

Sasa lazima niseme juu ya vifaa, maana mimi nilikuwa nimekwisha chagua wa kumlaumu.

Oddleiv, marehemu mume wangu, aliacha mapipa ya mbao akahamia ya chuma miaka ishirini kabla ya kufa kwake. Gesi aliigawa kwa kigawio chake cha shaba. Kigawio ni kile kipande ambacho gesi huingia kwa tundu moja na kutoka kwa manne, kila tundu na mpira wake wa kwenda kwenye pipa lake. Alikiunga mwenyewe kwa mabaki ya mabomba ya maji. Alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi, na tangu hapo ghala lilinyamaza. Synneva aliposema ataolewa nyumbani, atachukua shamba, na atapika bia kama babu yake, nilikwenda kulia zizini ili kondoo tu ndio wanione.

Vifaa alikwenda kuvinunua Jostein. Huyu ni mtu wa mjini Bergen, fundi wa mabomba kwenye vizimba vya kufugia samaki. Watu wa Bergen hujisifu hata kwa mvua yao. Huyu hajisifu kwa lolote, ndiyo maana nikamshuku tangu mwanzo. Jambo la kwanza alilofanya ni kukibandua kigawio cha Oddleiv ukutani.

"Kimekukosea nini?" nikamwuliza.

"Tazama ndani, Bibi."

Nikachungulia. Shaba ilikuwa imeota ukijani, na chini yake kulikuwa na ukoko mweusi wa bia iliyokauka.

"Bia imefikaje huku?"

"Imerudi. Nguvu ya mtungi ikishuka chini ya nguvu ya pipa, bia hupanda mpira ikaja huku, na siku nyingine ikafika mpaka kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi mtungini. Hiki hakina cha kuizuia." Akanionyesha kipya alichonunua, cha chuma kisichoshika kutu, matundu manne, kila tundu na kikoki chake, na ndani ya kila kikoki mna valvu ya njia moja. "Ni kama kigeti cha kondoo. Husukumwa upande mmoja tu."

Nilijua mfano wa kondoo umetolewa kwa ajili yangu, sikupendezwa.

"Cha Oddleiv kimetosha miaka ishirini."

"Kimetosha, Bibi. Lakini kilikuwa na Oddleiv wa kukisafisha."

Jibu zuri, basi nikanuna. Nikanuna alipochagua mpira mnene badala ya ule mwembamba wa bei nafuu. Nikanuna alipokaza kila ncha kwa klipu ya chuma wakati Oddleiv alitosheka na waya. Nikanuna alipovua pete zote za mpira kwenye mifuniko na viungio, zilizokaa miaka miwili bila kazi zikawa ngumu kama kucha, akavalisha mpya. Jambo moja tu sikumwachia: kupaka mafuta. Mama yangu alipaka kizibo na bomba la pipa la mbao kwa mafuta ya kondoo ili pasipasuke wala kuvuja, mimi nikapaka mapipa ya chuma ya Oddleiv vivyo hivyo miaka yote ile, kutoka kwenye kikopo changu kile kile. Siku ya kujaza mapipa, Jostein alipokwenda kuchukua mtungi, nilizipaka pete zote, kubwa na ndogo, zikang'aa kama macho ya ndama.

Kwa hiyo Jumanne asubuhi, tuliposhuka kutafuta panapovuja, nilikuwa nimejichagulia kigoda mbele ya kigawio kipya. Mungu anisamehe, nilikuja kukiona kikiaibika.

Jostein aliupima kwanza mtungi wa akiba kwa mizani ya kupimia sufi, akaandika uzito mlangoni kwa chaki.

"Si kuna geji?" Synneva akauliza.

"Ya mtungi hudanganya. Gesi humo ndani iko majimaji, na maadamu yapo, hata kidogo, sindano husimama pale pale. Ikianza kushuka, umekwisha chelewa. Mizani haidanganyi."

Akaifunga regyuleta kwenye mtungi, akafungua mtungi, akasubiri gesi ijae kwenye kigawio huku vikoki vyote vinne vimefungwa. Kisha akafunga mtungi tena. "Sasa gesi imenaswa humu. Kama pana tundu, sindano itashuka."

Tukanywa kahawa. Nikaikodolea macho ile sindano kama paka kwenye tundu la panya. Kikombe cha kwanza, kikombe cha pili. Haikusogea hata unene wa unywele. Jostein akanyunyizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo na kila klipu. Hakuna hata kiputo kimoja.

"Kigawio kizima," akasema.

"Bahati," nikasema mimi.

Akafungua kikoki cha kwanza kuelekea pipa la kwanza. Baada ya muda sindano ikaanza kushuka polepole, kama mzee anayesinzia kanisani. Akafunga, akajaribu cha pili. Ikashuka. Cha tatu, cha nne, ikashuka.

"Yote manne?" Synneva akasema. "Jostein, yote manne? Umenunua takataka gani?"

Jostein akaokota chupa ya sabuni. Alinyunyizia sabuni kwenye mfuniko wa pipa la nne, na povu likachemka kuuzunguka kama maziwa yanayofurika. Akatoa gesi, akafungua mfuniko, akaivuta pete kwa vidole. Pete ilikuwa imevimba, laini, imerefuka haikai tena kwenye mfereji wake, ikaning'inia kama tambi iliyopikwa kupita kiasi. Akaisogeza puani. Niliona akinusa. Kisha akanitazama, mara moja tu, akafuta vidole kwenye suruali.

"Pete mbaya," akasema. "Mpira mbovu. Mimi ndiye niliyezichagua, kosa langu."

Nikatikisa kichwa kama hakimu. Nilikuwa nimesema tangu mwanzo.

Synneva akavua aproni, akaikunja mara nne, ikawa ndogo kama bahasha. "Nampigia mjomba Mons alete makopo yake. Na harusi ikiisha uza hivi vyote, mapipa, mitungi, vyote. Sipiki tena. Babu aliweza. Miaka ishirini na hakumwaga hata glasi. Mimi mara ya kwanza tu, tena kwenye harusi yangu."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alisema kwa sauti kavu ya mtu anayefunga hesabu, na hapo ndipo nilipoogopa. Makopo ni aibu ya siku mbili. Lakini mkufu wa chachu ukikaa darini bila kupikiwa mwaka hata mwaka, unakufa. Sisi wa Haugane tungekuwa watu waliowahi kupika bia.

"Mons kasema Alhamisi," nikamwambia. "Leo Jumanne. Nipe mpaka kesho."

"Ya nini, Bibi? Maduka yamefungwa."

"Babu yako hakutupa kitu tangu nimjue. Pete zipo mahali."

Karakana ya Oddleiv sikuwa nimeifungua tangu tumzike. Jumatano asubuhi nilisukuma mlango kwa bega, na harufu yake ikanipokea, mafuta ya mashine na tumbaku. Nikapekua polepole. Haraka sina, sijawahi kuwa nayo. Chini ya jiliwa, nyuma ya misumari iliyonyooshwa, nikakuta kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na mfuko wa pete mpya za mpira, kubwa na ndogo. Nikashukuru Mungu kwa sauti.

Halafu nikaona vilivyokuwa chini yake. Waya mmoja uliotungwa pete kuukuu, zote zimevimba na kurefuka kama ile ya jana. Tyubu moja iliyokamuliwa na kukunjwa kuanzia mkiani, kama dawa ya meno ya mtu mchoyo. Na tambara. Nikalinusa tambara. Mafuta ya kondoo.

Mimi shule niliisoma miaka minne, siku tatu kwa juma, mpaka askari walipolichukua jengo wakati wa vita, na mama akaumwa nikabaki nyumbani. Herufi ndogo nazisoma kwa kidole. Nikaiweka tyubu dirishani nikaisoma neno kwa neno: grisi ya pete za mpira, kwa vyombo vya chakula na vinywaji. Chini yake, kwa wekundu: usichanganye na mafuta ya wanyama.

Nikaisoma tena, nikidhani kidole kimeruka.

Sjur, jirani yetu, alikuwa anapita na viti vya kuazima kwenye toroli. Huyu alikuwa rafiki wa Oddleiv tangu wakiwa na kamasi puani. Nikamwita.

"Shemeji, hii ni nini?"

Sjur akaitazama tyubu, akautazama mlango kama anayepima umbali. "Ah. Alinikataza kukwambia."

"Amekufa. Sema."

"Alhamisi ulikuwa unakwenda kwaya, siyo? Basi ukishapita kona ya kanisa tu, jamaa anashuka ghalani. Anazivua pete zote, anafuta mafuta yako, anaziosha kwa maji ya moto, anapaka ya hapo kwenye tyubu. Mimi kazi yangu kuchungulia kama unarudi."

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi pipa likiwa na bia. Mafuta ya kondoo huvimbisha mpira, shemeji. Kwa mbao ni dawa, kwa mpira ni sumu. Mwaka wa kwanza gesi ilimwishia mara mbili, hukumbuki? Akasingizia regyuleta."

Nikakumbuka. Nilimcheka siku ile kwa kununua regyuleta mbovu.

"Kwa nini hakuniambia, mtu yule?"

"Hata mimi nilimwuliza hivyo. Akasema, Gyrid anapenda kuzipaka, na mimi napenda kumwona akizipaka. Kufuta ni kazi ya saa moja."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilianza kwa kucheka, na sikuishia hapo. Sjur akasimama akitazama paa mpaka nilipomaliza, kisha akanipa leso yenye vumbi la mbao.

Ndipo nikamkumbuka Jostein akinusa vidole. Yule kijana alijua tangu jana. Alijua, na akasema kosa ni lake, mbele ya msichana atakayemwoa Jumamosi. Kumbe nilikuwa nimepata Oddleiv wa pili na nilikuwa namnunia.

Sitawaficha, nilifikiri kunyamaza. Ningempa Jostein pete na tyubu kimya kimya nyuma ya ghala, angezipaka, bia ingepona, na mimi ningebaki Bibi ajuaye. Nilivuka uwanja mzima nikilifikiria hilo. Lakini Synneva aliamini babu yake hakukosea hata mara moja, na kwa sababu hiyo alikuwa anaacha. Dawa yake ilikuwa ndani ya kopo lile, si zile pete mpya, bali zile zilizovimba.

Nikamkuta jikoni na simu mkononi. Jostein alikuwa anapanga mikate mikavu kwenye kapu.

"Weka simu chini," nikasema, nikamwaga kopo mezani. "Nimeharibu bia yako."

"Bibi?"

"Mimi. Pete za Jostein zilikuwa nzima. Nimezipaka mafuta ya kondoo, na mafuta ya kondoo yanazivimbisha. Na huu hapa, unaona waya huu? Hizi ni za babu yako. Unasema hakumwaga hata glasi? Mwaka wa kwanza ilimwishia mitungi miwili. Kisha akajua, akawa kila nikienda kuimba anashuka kufuta nilichopaka. Miaka ishirini, Synneva. Nikienda kumwimbia Mungu, mume wangu yuko ghalani na tambara."

Synneva akauokota ule waya. Akazihesabu pete kwa midomo bila sauti. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani sasa ndiyo analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka akashika meza.

"Na Sjur alikuwa analinda kona?"

"Mlinzi kabisa! Mzee mzima!"

Akafuta macho. "Kwa hiyo hata Babu..."

"Hata Babu. Alikosea, akatafuta, akajua. Hakuzaliwa na tyubu mkononi."

Nikamgeukia Jostein. "Na wewe. Ulinusa."

"Nilinusa, Bibi."

"Mbona hukusema?"

Akaushika mkate mmoja, akauvunja bila kutaka. "Nilikuwa nimeshakukosea kwa kigawio. Nikaona mambo mawili kwa juma moja ni mengi."

"Na ungeendelea hivyo? Miaka ishirini ungekuwa unafuta?"

"Mimi Alhamisi niko baharini," akasema. "Ningekuwa nafuta Jumatatu."

Hapo nilimpiga kwa leso ya Sjur, na tangu siku ile hatujanuniana tena.

Mchana ule tulifanya kazi watatu, milango ya ghala wazi. Tuliosha mifuniko yote na viungio vyote kwa maji ya moto na magadi, maana mafuta yakifika kwenye bia huua povu hata gesi ikiwepo. Jostein akanionyesha namna ya kupaka: grisi kiasi cha punje ya shayiri tu, unaizungusha kati ya kidole na kidole mpaka pete ing'ae bila kulowa. "Mkono wako ni mzuri kuliko wangu," akasema. Sijui kama ilikuwa kweli, lakini nilizipaka zote. Mons akapiga simu mara mbili, hatukupokea.

Tukafunga, tukajaza gesi, tukafunga mtungi. Nikarudi kwenye kigoda changu mbele ya sindano. Safari hii nilikuwa naiombea isimame. Pipa la kwanza ikasimama, na la pili. La tatu ikashuka.

"Haiwezekani," Synneva akasema, na nikaona sura ya jana inarudi.

"Sabuni," nikasema. "Usiseme haiwezekani kabla ya sabuni."

Akanyunyizia yeye mwenyewe. Viputo vidogo vikatoka mahali pamoja tu, kwenye kiungio. Jostein akapisha. Synneva akatoa gesi, akakivua, akakiinua kwenye mwanga. Chini ya pete mlikuwa na uzi mmoja wa sufi, mwekundu. Wote wawili wakaitazama sweta yangu nyekundu.

"Nitaivua," nikasema. "Nivue na sketi?"

La tatu sasa ikasimama, na la nne halikuvuja. Lililobaki lilikuwa kuirudishia bia uhai iliopoteza. Tukayakalisha mapipa kwenye hori la maji ya kijito, baridi inayouma mifupa, Jostein akapandisha nguvu ya gesi, akawa anakuja kila mara kuyabembeleza juu ya goti, huku na huku, gesi iingie. Kabla ya kuondoka jioni, jua bado liko juu ya mlima, aliupima mtungi na kuandika uzito mpya, kisha akauacha wazi usiku kucha, mizani iseme asubuhi.

Alhamisi Synneva alikuwa ghalani kabla ya kahawa. Sindano ilikuwa pale pale. Akaupandisha mtungi kwenye mizani peke yake, hakutaka msaada. Uzito ule ule. Akaitazama ile chaki muda mrefu, kisha akachota glasi moja kwenye pipa la kwanza. Ilikuwa bado changa kwa gesi, lakini povu lilipanda, jeupe, likakaa. Akanipa ninywe kwanza.

Saa tano na nusu simu ikalia.

"Mama, lori liko tayari. Neno?"

Nilimpa Synneva simu. Si mimi wa kusema.

"Mjomba," akasema, "njoo na watoto tu. Na lete kiu."

Jumamosi kulikuwa na mawingu na jua kwa zamu, kama kawaida yetu. Baada ya kanisa watu mia na kitu walikaa kwenye mabenchi, na uji wa krimu na nyama ya kondoo vikapita. Bakuli la kwanza la bia, lile la mbao lenye vichwa viwili vya farasi, kwa desturi hupewa mkubwa wa nyumba. Nikalinyanyua kwa mikono miwili. Povu lilinigusa pua. Nikanywa, nikalipitisha kwa Sjur.

Sjur akanywa, akafikiri, akafuta ndevu. "Ina povu," akasema.

Huku kwetu sifa haizidi hapo. Mons alikunywa vikombe vitatu na hakutaja makopo. Siku ya pili jioni pipa la nne likakohoa, likatoa upepo, likaisha, na mtungi ulikuwa bado una akiba ya kutosha pipa jingine zima.

Jumatatu iliyofuata nilimkuta Synneva darini akitundika mkufu wa chachu mbichi ukauke. "Bibi," akasema bila kugeuka, "bia ya Krismasi tunaanza Novemba, au mapema zaidi?"

"Novemba," nikasema.

Tukapika Novemba. Nilikwenda ghalani na tyubu mpya kwenye mfuko wa aproni. Kile kikopo cha mafuta ya kondoo kiko kwa viatu vya mvua, na viatu vinashukuru. Nikakaa kwenye kigoda, nikazipaka pete moja moja, punje ya shayiri kwa kila moja. Jostein alikuwa amesimama nyuma yangu akijifanya anakaza klipu ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

"Nikienda kwaya," nikamwambia, "utazifuta?"

"Sifuti, Bibi," akasema. "Nachungulia tu."